Piga Kichwa, Piga Mikono

Kiswahili cha nyumbani kwa kina Mahfudha, kwenye mteremko wa Lubaga, kilikuwa safi kuliko kingi nilichokisikia kati ya Bukavu na Mombasa. Babu yake alikuja nacho kutoka pwani, na watoto walichapwa kwa kuchanganya l na r. Usafi huo ndio uliomponza mwaka 1975.

Alikuwa akisomea upigaji picha katika chuo kidogo cha ufundi. Madukani filamu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo mwalimu Faustino aligawa moja moja kwa ajili ya mtihani: picha kumi na mbili za mtu mmoja akiwa kazini. Ukiiharibu, unarudia mwaka. Mahfudha alimchagua Nabintu, mshonaji Mkongo wa soko la Owino, aliyezoea kubishana na wateja huku pini zimejaa mdomoni. Akapiga kumi na moja, akabakiza moja.

Akirudi chuoni alisimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani. Koplo akapekua mkoba, akatoa daftari. Lingekuwa la Kiganda au Kiingereza angelirudisha. Kiswahili alikijua.

"Nabintu," akasoma polepole. "Piga kichwa. Piga kiuno. Piga mikono. Mmalize kabla ya saa nne." Akainua macho. "Huyu mama alikosa nini?"

Mahfudha akaeleza kwamba darasani neno picha huachwa, kila mtu anaelewa. Kwamba baada ya saa nne jua huunguza uso pichani.

"Mimi naona piga tu. Picha iko wapi hapa?"

Kisha koplo akapata njia ya kuhakikisha. Akaweka kofia vizuri, akaamuru apigwe yeye. Picha ya mwisho ikaenda hivyo. Aliponyoosha mkono apewe, Mahfudha akamweleza, mara tatu, kwamba filamu haiguswi na mwanga mpaka isafishwe gizani.

"Kama sura yangu iko ndani, nitaiona."

Akafungua kamera, akaivuta filamu yote juani, akaigeuza huku na huku, akasema mashine ni mbovu.

Faustino hakuwa na filamu nyingine. Alisikitika, akamwambia ajiandae kurudia mwaka.

Njia ya chuoni ilikuwa ile ile, na kila asubuhi koplo alidai picha yake. Siku ya nne Mahfudha alichoka hata kuogopa.

"Afande, lete filamu."

Akaleta. Ilikotoka, Mahfudha hakuuliza. Sharti lilikuwa moja: zote yeye. Basi akampiga koplo akisimamisha baiskeli, koplo akipekua kikapu cha ndizi, koplo akijifanya kusoma kitambulisho alichokishika juu chini. Saa sita mchana, kwa sababu ndipo koplo alipotaka.

Faustino alizitandaza picha mezani, kisha akaenda kufunga mlango.

"Uso wote umeungua," akasema. "Angekuwa yule mshonaji, ningekuangusha."

"Niangushe basi, mwalimu. Ni mbaya, naziona."

"Nikiulizwa nani kamwangusha koplo, utajibu wewe?" Akachukua muhuri wa vyeti. "Mtu mmoja, yuko kazini. Umefaulu."

Mahfudha alikwenda Owino kumweleza Nabintu kwa nini hana picha za kumpa. Nabintu alitema pini moja moja kiganjani ili aseme vizuri.

"Mimi nimekaa asubuhi muzima bila kutukana mutu," akasema, "na cheti anapata askari?"