Kitovu cha Bakuli

Juzi mke wangu, akiosha bakuli la kioo, aliniuliza kile kinundu cha chini ni kasoro gani. Nikasikia tena harufu ya pumba za mpunga zikifuka kwenye tanuri la shangazi, Ifakara, utotoni mwangu. Alikuwa amefinyanga kalibu ya udongo ya kukipa kioo umbo, akaitoboa chini.

"Shangazi, si itavuja?"

"Tundu la hewa hilo."

Alilaza kipande cha kioo cha dirisha juu yake, akaviacha motoni. Tanuri lilipopoa, kioo kilikuwa kimelegea kikawa bakuli lenye kitovu pale kilipozama tunduni. Shangazi, ambaye hakujaliwa mtoto, alilipakata.

"Mpokee mdogo wako."

Nililipokea, nikangoja linipe shikamoo.

"Si kasoro," nilimjibu mke wangu. "Ni kitovu. Huyo ni mdogo wangu, na shikamoo yangu bado sijaipata."