Kompyuta ya marehemu haiendi kwenye chuma chakavu

Leo mwanangu Mahfudhi kaniletea mnunuzi wa chuma chakavu mpaka mlangoni!

Eti achukue kompyuta ya marehemu baba yake, ile ya zamani ya kuchomeka kwenye TV. Kibodi imekufa. Ukibonyeza herufi, kimya.

Nikamwambia, "Ifungue kwanza. Baba yako hakutupa hata redio mbovu."

Kafungua huku ananung'unika. Chini ya vitufe masizi meusi, yananata kama gundi.

Akanusa. Akanitazama.

"Mama! Umeifukiza kompyuta udi kama bibi harusi?"

Kila Alhamisi jioni nafukiza nyumba, na chetezo nakiweka pale kwenye meza yake. Sasa kosa liko wapi?

"Usinitolee macho. Chukua pamba na spiriti, usugue."

Kasugua kitufe kimoja kimoja. Akawasha, akabonyeza. Herufi hizo kwenye kioo!

Mnunuzi nimempa chai, kaenda zake mikono mitupu.

Chetezo nimekihamishia ukumbini, lakini radhi simwombi mtu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka kikae pale, anukie akiandika.

Haya, mwenye neno aseme.