Vigae vya Maximilla wa Dunga

Alizaliwa Usenge mwaka 1938, msimu wa kuanika omena, dagaa wa ziwani, na mama yake alipenda kusema kwamba kilio cha kwanza cha binti huyo kiliwatawanya kunguru ufukoni. Akabatizwa Maximilla. Ufinyanzi alifundishwa na nyanya yake. Mzaha alizaliwa nao. Aliolewa Dunga na mvuvi aitwaye Oketch, akazaa, akazika, mpaka nyumba ikabaki bila mtoto. Mwaka 1986 ziwa likamchukua Oketch naye.

Desturi ilitaka mjane arithiwe na shemeji. Asiyerithiwa huhesabiwa ana mkosi mikononi, na anachokigusa, watu huogopa, hukondesha watoto mpaka kaburini. Maximilla alikataa kwa ajili ya kiapo cha ndoa yake na Oketch. "Shemeji Dalmas," alisema mbele ya wazee, "wake ulio nao bado hujawashibisha, unataka kuniongezea njaa?" Wazee walicheka, lakini hawakumsamehe. Dunga nzima ikaacha kununua vyungu vyake.

Mwaka 1989 Padre Kinyua alimwita afundishe katika shule ya parokia, Kondele, mtaa wa mjini, ambako watoto walidhani vyungu huota sokoni. Maximilla akapanga maonyesho juu ya madawati, vikapu, nyavu na vyungu, kisha akaiingiza mikono ya wanafunzi kwenye udongo. Alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja tu, watoto wa kukaa nao, na sasa walimzunguka wakibishana.

Siku wazazi walipoalikwa kuona kazi za watoto, Dorca alimkuta binti yake Adero amekumbatia chungu.

"Nani alikushika mkono kufinyanga?"

"Mama Maximilla."

Dorca akakitwaa, akakipiga sakafuni. "Mjane hajarithiwa, na wewe unampa mkono? Unataka tukuzike?"

Wazazi wakawavuta watoto wao nje. Maximilla alikuwa amepiga magoti, akiokota vigae, vipande vya chungu kile.

"Padre, usisimame kama sanamu. Leta kikapu. Udongo mtupu hupasuka motoni. Ukichanganywa na vigae vilivyosagwa, huvumilia."

Akavisaga huku machozi yakimtiririka, akautunza unga wake. Kila Ijumaa akaja na udongo mbichi, akakaa peke yake katika chumba kile akiwangoja watoto, akarudi nao Dunga. Miaka ikaenda hivyo.

Mwaka 1993 mume wa Dorca alifariki kwa ugonjwa ambao watu hawakutaka kuutaja. Shemeji zake wakamkimbia, na milango ikafungwa. Ijumaa moja Dorca akasimama mlangoni pa chumba kile na Adero.

"Mama, hata mimi sijarithiwa."

"Basi ingia, mkosi wako usalimiane na wangu. Adero, leta maji, udongo umekauka kukungoja."

Watoto wengine walirudi polepole, si wote.

Maximilla alifariki Machi 1997, kifua kikiwa kimemmaliza. Siku ya maziko Adero alikuwa akichoma chungu cha udongo uliochanganywa na vigae vile, mvua ikaushukia moto. Chungu kikatoka kizima. Wengine husema ni muujiza; wafinyanzi husema ni vigae. Kanisa halijasema neno, na Maximilla angewatania wote. Kilijazwa maji kwa waombolezaji, na watu wakatazamana, maana udongo ule aliukanda marehemu. Dorca, aliyekuwa amekonda mno, akachota wa kwanza, akanywa. Ndipo Dunga ikanywa.

Dorca alimfuata mwaka uleule. Nasi tumwige Maximilla: kilichovunjwa mbele yetu tusikifagie nje. Kila Ijumaa, Kondele, Adero bado anasaga vigae.