Daktari Aikande hakupokea sale

Nimefika Moshi mjini sasa hivi, viatu bado vina udongo wa Uru, na akili inagoma kabisa. Jumatatu tulikuwa naye ofisini ananicheka wigi langu. Leo tumemzika. Presha, wamesema. Mae!

Wengi mmeandika "pumzika mama wa saikolojia". Asanteni. Akiwa hai wengi wenu mlimwita daktari wa machizi, na mimi nilikuwa nasikia.

Alikuwa wa kwanza huku kwetu kufungua ofisi ya ushauri wa kisaikolojia. Mwanzoni hakuja mtu. Nani akubali kuonekana anaingia pale, na mashangazi zake wote wako sokoni?

Akang'oa kibao cha mlangoni, akanituma mkungu wa ndizi na visu. Kila client akiingia anapewa kisu, tunamenya ndizi za mtori pamoja. "Mchagga ukimkalisha mikono mitupu ukamwuliza anajisikiaje, atakwambia hajambo," alisema. Nimemwona mpagazi mmoja wa Kibosho, baba mzima, analia huku utomvu unamkaukia vidoleni, na hakuacha kumenya.

Tusidanganyane, boss wangu hakuwa mpole. Alinitoa kwenye session kwa sababu nilimwambia mjane, "Usilie, mama." Akaniuliza, "Unamsaidia yeye au unasaidia masikio yako?" Mbele ya mjane mwenyewe! Nilinuna mpaka Ijumaa.

Ila fundisho lake kubwa lilikuwa la msamaha, na ndilo lililomtafutia maadui hadi kanisani.

Kwa msio wa huku: sale ni lile jani refu tunalopanda mipakani na makaburini. Aliyekukosea akikuletea sale, kimila huwezi kukataa. Umesamehe, yameisha.

Daktari alisema jani halina mdomo. "Taja kwanza ulichofanya. Ukishindwa kukitaja, unataka nikusamehe nini?" Na aliyekosewa akisema hapana, si mgonjwa na hana dhambi. Mnakumbuka alivyozomewa kwa hilo?

Hakulitoa kitabuni. Mama yake aliugua ugonjwa wa akili wakati yeye yuko chuo. Kaka yake mkubwa akamfunga mama kamba ya ng'ombe, bandani, huku akimwambia dada yake kwenye simu, "Mama hajambo, anakusalimu." Daktari aliitwa kuja kuzika. Alipokuwa anamwosha mama yake ndipo alipoona alama za kamba kwenye vifundo vya miguu.

Miaka ikapita, kaka akaleta sale ofisini. Nilimfungulia mlango mimi. Daktari akampa kisu kama client yeyote, wakamenya mkungu mzima.

"Haya, kaka, sema."

"Dada, si yale yaliyotokea..."

"Yapi?"

"Yale ya nyumbani."

Akamrudishia sale mfukoni mwa koti, akamfungia na ndizi akampelekee mke wake. Akanigeukia, "Mwite anayefuata."

Basi leo, kabla ya udongo, kaka huyo huyo akatoa sale na kuliweka juu ya jeneza. Mzee wa ukoo akatangaza, "Amenyamaza. Kunyamaza ni kukubali. Wamepatana." Watu wakaitikia amina. Wengine wakapiga makofi, jamani. Wanampigia maiti makofi!

Nikapita mbele. Mtu akanishika kitenge, nikamwachia hicho kitenge. Nikalichukua lile jani.

"Shikamoo, kaka," nikasema. "Dada yako huyu hapa. Taja."

"Binti yangu, hapa si mahali pake," mzee wa ukoo akaingilia.

"Nimesema ataje."

Kaka akatazama chini. "Yale ya zamani," akasema.

Nikamtajia mimi, kwa Kichagga, hata bibi aliyekaa nyuma kabisa aelewe. Ulimfunga mama yako kamba ya ng'ombe, ukamdanganya dada yako mpaka mama akafa. Nikamshikisha jani lake.

Alilia. Najua mnataka kusikia nilimhurumia. Sikumhurumia. Kwa mama yake hakulia hivyo. Leo amelia kwa sababu majirani wamejua.

Nimeshatolewa kwenye group la msiba, na nimeambiwa nisikanyage tena kihamba kile, shamba la ukoo wao. Sawa tu.

Kaka, najua unasoma hapa, bando huwa unalo. Ulidaiwa sentensi moja, na mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuipokea. Sasa hata ukiipata kesho asubuhi, huna wa kumwambia.

Dada Aikande, walitaka kukusamehesha siku ambayo huwezi hata kutikisa kichwa. Nimekataa kwa niaba yako. Lala salama, dada yangu. Lala na hapana yako.