Siku Tulipomrudisha Mama Kapinga kwa Mashemeji Zake

Harufu ya samaki wakavu wa mto Lufira wakichemka kwenye sufuria kubwa bado inanikosesha raha. Mwaka ule, nikiwa na miaka tisa, mama yangu na wanawake wenzake wa parokia yetu hapa Likasi walipika bukari, ugali wetu wa huku, kila adhuhuri nyuma ya kanisa, kwa ajili ya watu waliolala kwenye vibanda vya soko. Huo ndio mwanzo wa chama ambacho leo kinasifiwa mjini. Kwa kuwa hawakuwa na nyumba ya kuwalaza, walijipa kazi ya kumtafutia kila mmoja ndugu zake, kuwapelekea unga na kuku mweupe wa kupatana, na kumrudisha kwao. Aliyepokea kuku amepokea mtu, ndivyo walivyoamini. "Hakuna muntu mwenye hana bandugu," mama alikuwa akisema, na nani angembishia?

Mama Kapinga, mjane wa makamo, alikataa katakata kutaja kwao. Mimi ndiye niliyempelekea sahani, naye alinipenda. Siku moja, akinisuka nywele, aliniambia mtaa wanakokaa mashemeji zake. "Balinifukuza siku ya matanga. Balisema miye njo niliua bwana yangu. Usiambie muntu, mutoto yangu."

Nilimwambia mama jioni ile ile. Nilitaka sifa, sina cha kujitetea. Jumamosi tulimsindikiza kwa nyimbo, naye katikati yetu, akiona haya kuwakatalia watu waliomlisha. Mashemeji walipokea kuku, wakapokea unga, wakatabasamu. Tulipoaga, alinitazama. "Weye njo ulisema," akaniambia.

Wiki mbili baadaye alirudi sokoni, mkono wake umevunjika. Nilimkimbilia na sahani, akanigeuzia kisogo. Hakugusa tena chakula chetu, na kabla masika hayajaisha alikuwa ametoweka. Mama alilia sana, akaacha kabisa habari ya kuku. Mimi sikulia, niliogopa tu.

Leo chama kina nyumba yenye vitanda na ua uliofagiwa, nami ndiye ninayepokea wageni mlangoni. Hatumuulizi mtu kwao mpaka aseme mwenyewe. Wanaojitolea wakiniuliza kanuni hiyo ilitoka wapi, nawajibu kwamba niliikuta. Wageni hunieleza mambo wasiyomwambia padri, na wenzangu husema mimi ni mtu wa kuaminika. Mama Kapinga angewaambia mengine.