Siku Mama Aliniombea Intavyu

Chekeni tu, nishazoea, maana pale ofisini walicheka mpaka mlinzi wa getini, na mimi mwenyewe ilinichukua muda kuweza kuisimulia hii bila kujifunika uso.

Ilikuwa 2008. Nilikuwa fundi wa mitambo ya mtandao kwa kampuni moja kubwa ya ng'ambo yenye ofisi ndogo hapa Nakuru, zile za watu kuitana majina ya kwanza hata mtu awe mkubwa wa wakubwa, na ukutani wamebandika eti hapa kila mtu aseme wazi. Bosi wangu alikuwa Sukhdev, Kalasinga aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, mtu mpole, ila ripoti nilizoandika mimi zilikuwa zinafika juu na jina lake peke yake. Nilisema wazi? Wapi! Nilikuwa nangoja jioni nifike nyumbani, mtaa wa Free Area, nimmiminie mama yote.

Mama alikuwa kwangu tangu vurugu za uchaguzi za Januari zimtoe kwake Molo, yeye na watoto wawili wa marehemu dada yangu, sisi wote ndani ya chumba kimoja na sebule. Kwa hivyo nafasi ya usimamizi ilipotangazwa, mimi nikiona nyumba kubwa ndani ya mshahara ule, sikuiomba kwa mchezo.

Intavyu ilikuwa kwa simu, ile nyeusi ya kuwekwa katikati ya meza. Mimi peke yangu chumba cha mikutano, Sukhdev ofisini kwake, na mkubwa wetu Ingrid huko ng'ambo. Karibu tuanze, mlinzi akaniletea mama, amelowa chapachapa, na thamosi ya uji mkononi kwa sababu nilitoka bila kula. Ningemwambia angoje getini, lakini mvua ilikuwa inapiga na mama anatetemeka, nikasema, “Keti hapo kwa kona, mama, lakini usiseme kitu.”

Na kweli hakusema. Nikajibu maswali vizuri tu (nilijishangaa), mpaka Ingrid akaomba tupumzike kidogo, anaitwa. Nikabonyeza kitufe cha kuzima sauti. Halafu, na hapa ndipo nilijimaliza, nikabonyeza tena kuhakikisha.

“Sasa unaweza kuongea, mama. Hawatusikii.”

“Basi tuombe,” akasema, na kabla sijamzuia ameshasimama mikono juu, na mama yangu haombi kwa minong'ono. “Baba, mpe Moraa hii kazi! Unajua vile anakuja nyumbani analia! Unajua huyo bosi wake Sukhdev vile anachukua kazi ya mtoto wangu anaweka jina lake! Mguse roho, Baba, si mtu mbaya, ni vile hajaguswa!”

“Amina!” nikaitikia. Kwa nguvu pia.

Simu ikakohoa; kumbe kule kubonyeza mara ya pili kulikuwa kumeiwasha sauti tena. Kisha Ingrid, kwa Kiingereza chake cha taratibu, akauliza huyo ni nani, kuna shida gani, na Sukhdev tafadhali amtafsirie.

Jameni. Nikasikia kiti cha Sukhdev kikilia. Angeweza kusema mama analalamikia mvua (nilikuwa namsihi kimoyomoyo aseme hivyo!).

“Ni mama yake Moraa, anamwombea,” akasema mwishowe. “Anasema pia nimekuwa nikiweka jina langu kwa kazi ya Moraa. Na ni ukweli.”

Sikumbuki tulivyoagana, nilisema asante, asante, mpaka laini ikakatika, nikaanza kulia nikijua nimefutwa. Sukhdev akaingia, hata hakuniangalia, akaenda moja kwa moja kwa mama akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

“Mama,” akasema, “nimeguswa.”

Maskini mama, ndipo akaelewa kilichotokea, akammiminia uji, naye akaunywa akiwa amesimama.

Kazi ile sikuipata. Ilienda kwa jamaa wa Kampala mwenye uzoefu kunishinda, na sisi tukaendelea kubanana Free Area. Lakini ripoti iliyofuata ilitoka na jina langu, na Sukhdev akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Tangu siku hiyo kitu kikiniuma kazini nakisema kazini, kwa mwenyewe, hata sauti ikitetemeka. Nyumbani sipeleki tena, kwa sababu mama huweka kila neno, na akifika mbele za Mungu hafichi jina la mtu.