Bibi na Mbawala

Nakumbuka siku moja, mwanangu, duka letu la Kariakoo lilikuwa limefungwa asubuhi, majirani wakaja kutupa pole wakidhani tumefiwa. Hapakuwa na msiba. Bibi yangu alikuwa anakwenda kumwona mbawala.

Jicho lake moja lilikuwa limeshapofuka kwa presha ya macho, na la pili lilikuwa njiani. Daktari hakumficha. "Maisha yangu yote nimeuza wanyama wa kwenye vitenge," aliniambia. "Nataka kumwona mmoja anayepumua." Basi nikampeleka kwenye hifadhi ya msitu nje ya mji, kwenye bwawa la matete ambako wanyama huja kunywa.

Sasa, nyumba zetu sisi wenye asili ya Uarabuni unazijua. Bibi alikuwa ameamka alfajiri akafukiza udi kila kitu: mabaibui, mitandio, hata soksi zangu! Tuliingia msituni tukinukia harusi tupu. Mhifadhi aliyetuongoza, kijana mpole, alimwamkia Bibi, kisha akasikitika.

"Bibi, wanyama watatunusa kabla hatujafika. Labda mje siku nyingine."

Siku nyingine ipi? Nilitaka kulia, maana lile jicho lisingesubiri.

Bibi hakulia. Aliingia kwenye tope na viatu vyake vya Idi, akajipaka tope baibui zima mpaka shingoni kuzima ule udi, akanigeukia. "We unangoja nini? Njoo nikupake!" Mwanamke ambaye vumbi la kaunta tu lilimkosesha usingizi! Tukajibanza nyuma ya matete, upepo ukitupiga usoni, mbu wakitufaidi, tukanyamaza kimya.

Akatoka. Mbawala dume, madoa meupe ubavuni, akainama akanywa karibu nasi kabisa. Bibi alinibana mkono mpaka nikaumia. Mnyama alipopotea msituni, Bibi akapiga kigelegele. "Nimemwona! Kwa jicho langu hili, nimemwona!" Nikampokea kwa vigelegele vyangu, na mhifadhi aliyepaswa kutukemea akacheka hadi machozi. Tulirudi Kariakoo na tope letu, tukapita katikati ya maduka vichwa juu. Sijawahi kujivuna namna ile.

Mwanangu, mzee wako akikuambia anatamani kitu, usimjibu "tutaona". Acha kazi, mpeleke. Na ukifika kwenye makazi ya viumbe wengine, kubali kuchafuka, uache mbwembwe za kwenu, hata zile unazozipenda. Mola akufikishe kwenye unayoyatamani ungali na macho ya kuyaona, na akujaalie watoto wasiokuambia usubiri.